Ferrari World, Yas Waterworld au Warner Bros. World: kwanza niambie unaenda na nani

Kila ndugu au rafiki anayepata viza ya kuja Emarati huniuliza jambo moja kabla hata hajafunga sanduku: kati ya bustani za burudani za kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, ipi ndiyo ya kwenda? Nami humrudishia swali: unaenda na nani? Wengi hudhani namkwepa mtu. Sikwepi. Bei za bustani hizi hazipishani sana. Tiketi ya mtu mzima kwa siku moja huwa dirhamu mia tatu na ushee, yaani dola themanini na kitu au zaidi, maana dirhamu imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.67 tangu 1997. Zote ziko chini ya kampuni moja, Miral, na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa dakika chache kwa gari. Kwa hiyo bei haitakuchagulia, wala umbali hautakuchagulia. Atakayekuchagulia ni huyo mtakayeongozana naye: kimo chake, afya yake, nywele zake, na subira yake.

Hukumu yangu naitoa mapema kwa mwenye haraka. Mnaolingana ujasiri, nendeni Ferrari World. Mmoja akiwa jasiri na mwenzake mwoga, nendeni Yas Waterworld, hata kama huyo mwoga hajui kuogelea. Ukiwa na mzazi au mtoto mdogo, au mkija mwezi wa nane, nendeni Warner Bros. World. Lakini kila moja ina kasoro yake, na kasoro hizo ndizo zinazoharibu siku za watu.

Mpime mwenzako kabla ya kununua tiketi

Anza na kimo. Treni kubwa za Ferrari World, yaani rola kosta, zina kipimo mlangoni, na kwa Formula Rossa, ile ya kasi kuliko zote, ni mita 1.40. Mtoto akipungua sentimita mbili hakuna kubembeleza. Yule kijana mwenye rula hata ukimtajia babu yako hatakufungulia. Piga kipimo nyumbani, na upime bila viatu.

Afya nayo ijadiliwe waziwazi. Mwenye presha, mwenye mgongo mbovu, mjamzito, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni hapandi treni za kasi wala slaidi kali. Wengine huficha kwa aibu mpaka wafike mbele ya foleni. Muulize mama au shemeji kwa upole siku moja kabla, si mbele ya watu.

Kuna suala la maji, ambalo kwa wanawake wa kwetu ni suala la kichwa kizima. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha msusi tangu asubuhi hadi jioni juzi tu hatafurahi kumwagiwa maji ya klorini, na ana haki yake.

Na kuna subira. Hili watu hulisahau kabisa. Kama mwenzako hapandi, atakaa wapi na kwa muda gani? Wikendi foleni ya treni maarufu inaweza kula saa nzima. Nimewaona watu walioingia wameshikana mikono wakitoka hawasemeshani, kwa sababu mmoja alishinda kwenye benchi akilinda mikoba na simu za mwenzake.

Ferrari World: kwa wawili wanaolingana

Ndege ikitua Abu Dhabi na ukiwa upande mzuri wa dirisha, utaliona lile paa jekundu lenye nembo ya farasi, lenye ukubwa wa mita za mraba 200,000 hivi. Bustani ilifunguliwa Novemba 2010. Sehemu kubwa iko chini ya paa, ndani ya kiyoyozi, lakini treni zinazoipa sifa hutoka nje kwenda kupigwa na upepo.

Ya kwanza ni Formula Rossa. Unapewa miwani ya kuziba macho kabla ya kukaa, kwa sababu mchanga au mdudu akikugonga jichoni kwa kasi ile si utani. Treni hufika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde tano hivi, hupanda hadi mita 52, na njia yake ina urefu wa zaidi ya kilomita mbili. Aliyepanda treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma anajua kilomita 160 kwa saa zikoje. Hapa ongeza nusu yake, kisha ondoa dirisha, paa na kahawa. Kwa miaka mingi tangu ifunguliwe ilishika rekodi ya dunia ya kasi, na Saudi Arabia wamejenga nyingine huko Qiddiya, Falcon's Flight, kwa nia ya kuipiku.

Kuna jambo moja kuhusu Rossa ambalo litakusaidia kuamua. Rola kosta za kawaida hukupandisha polepole kwa mnyororo, na hapo ndipo moyo unapopata nafasi ya kujuta. Rossa haina kupanda huko. Inarushwa kutoka ikiwa imesimama, kwa mtambo wa haidroli unaovuta kamba, kama ndege inavyorushwa kutoka kwenye meli ya kivita. Ndani ya dakika moja na nusu yote yamekwisha. Kwa hiyo mtu anayeogopa urefu lakini haogopi mwendo anaweza kuipenda, na asiipende kabisa Flying Aces iliyo jirani.

Flying Aces ni habari nyingine. Inapanda mlima wa nyuzi 51 na kuingia kwenye duara lenye urefu wa mita 52, kwa kasi ya hadi kilomita 120 kwa saa. Wahenga waliosema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, hawakuwahi kuiona, lakini maneno yao yanaienea. Imejengwa kwa kumbukumbu ya Francesco Baracca, rubani wa Italia wa Vita Kuu ya Kwanza, aliyekuwa na farasi mweusi amechorwa ubavuni mwa ndege yake. Enzo Ferrari alikutana na wazazi wa marehemu Baracca mwaka 1923, na mama yake rubani ndiye aliyemshauri aweke farasi yule kwenye magari yake. Ukisubiri kwenye foleni, mwenzako akianza kutetemeka, msimulie hiyo. Angalau atakuwa na la kufikiria.

Kwa watu wawili, hata hivyo, treni ninayoipendekeza kuliko zote pale ni Fiorano GT Challenge. Ni njia mbili zinazokwenda sambamba, magari mawili yakishindana, kilomita 95 kwa saa. Wewe panda hili, mwenzako apande lile. Kasi yake ni chini ya nusu ya Rossa, lakini mtaongea habari zake njia nzima ya kurudi, kwa sababu kuna aliyeshinda na kuna aliyeibiwa ushindi. Ndugu wa tumbo moja ndio hasa waliojengewa kitu hiki.

Kasoro sasa. Asiyepanda treni ana saa mbili za burudani pale, labda tatu akiwa mpenzi wa magari: kuna maonyesho ya magari ya Ferrari, kuna Bell'Italia ambayo inakupitisha taratibu katikati ya Italia ya majengo madogo ya mfano, kuna migahawa. Baada ya hapo ni benchi. Bahati nzuri bustani imeunganishwa na Yas Mall kwa njia ya ndani, hivyo mwenzako anaweza kwenda kuzurura madukani, lakini ulizeni mlangoni utaratibu wa kutoka na kurudi kabla hajatoka. Na nyingine: upepo ukiwa mkali au mchanga ukitimka, treni za nje husimamishwa. Kama umekuja kwa ajili ya Rossa peke yake, tazama hali ya hewa asubuhi kabla ya kulipa. Ukiingia, ianze hiyo, usiiweke kiporo cha jioni.

Wavaaji wa ushungi, ufungeni vizuri na kuuchomeka ndani, bila pini zinazoweza kuchomoka. Kandambili, kofia na miwani ya jua vitaachwa chini.

Yas Waterworld: kwa jasiri na mwoga wake

Hii ilifunguliwa Januari 2013, na kati ya zote tatu ndiyo pekee inayosimulia habari za mahali ilipo. Hadithi yake ni ya binti aitwaye Dana, anayetafuta lulu iliyopotea, ile iliyokuwa ikikipa kijiji chake neema. Majengo yake ni ya udongo wa kuigiza, minara ya kunasa upepo, majahazi. Kabla ya mafuta, ambayo Abu Dhabi ilianza kuyauza nje mwaka 1962, pwani hii yote iliishi kwa lulu. Wapiga mbizi walishuka na jiwe mguuni na kibanio puani, wakapanda na chaza. Biashara hiyo ilivunjika miaka ya 1920 na 1930, pale lulu za kufugwa za Japani zilipoingia sokoni na uchumi wa dunia ukaanguka.

Msomaji wa pwani yetu ana sababu yake ya kusimama pale kidogo. Majahazi yaliyokuja Lamu, Mombasa na Unguja na kaskazi yalirudi huku na kusi yakiwa na boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu, maana huku hakukuwa na mti wa kuezekea. Na miongoni mwa wale wapiga mbizi walikuwamo watu waliotolewa Afrika Mashariki, wengi wao utumwani. Usitegemee slaidi ya maji ikusimulie hayo. Lakini ukiwa umebeba boya lako juani, unaweza kuyasimulia wewe.

Turudi kwenye raha. Sababu ya kuwapeleka hapa wale wasiolingana ni kwamba vivutio vyake vingi havipandwi na mtu mmoja. Dawwama ni boti ya mpira ya watu sita inayotumbukia kwenye mdomo mkubwa kama tarumbeta, ikayumba huku na huku ukutani kabla ya kutoka. Njia yake ina mita 238. Mwoga anakaa katikati ya watu, anashika mishikio, anapiga kelele, na kelele zake ni sehemu ya burudani ya wengine. Bandit Bomber ni treni inayoning'inia juu ya bustani, mita 550, watu wanne wanne, nayo ina silaha za maji za kuwamwagia walio chini. Aliyekataa kupanda anaweza kusimama chini akilengwa, na hilo nalo ni kushiriki.

Asiyetaka msukosuko wowote ana mto wa polepole, Al Raha River, ambamo unalala juu ya boya na maji yanakuzungusha. Kuna bwawa la mawimbi, Amwaj Wave, ambapo mtu anaweza kusimama maji yakiwa kiunoni. Majaketi ya kuokolea yapo. Asiyejua kuogelea avae tu, hakuna anayemtazama. Hapo ndipo tofauti na Ferrari World inapoonekana. Jasiri akienda kwenye Liwa Loop, ile ambayo unasimama ndani ya kibanda cha kioo na sakafu inafunguka chini ya miguu, mwenzake anayemsubiri yuko kwenye maji, anabembea, na anaweza hata kutamani mwenzake asirudi haraka.

Kuhusu mavazi, wengi hukosea. Pamba haikubaliki majini: dera, kanga, fulana, suruali ya jinsi, vyote vitabaki kabatini. Kinachotakiwa ni kitambaa cha kuogelea. Burkini inaruhusiwa, tena ni vazi la kawaida kabisa pale, na hakuna atakayekugeukia. Inunue mapema kwenye maduka ya Deira, kule Dubai, au Sharjah. Ndani ya bustani bei ni ya mtu ambaye hana njia nyingine. Kuna misimu ambapo hutengwa jioni za wanawake peke yao, na kwa akina dada wa kwetu, kina mama na mashoga zao, hiyo ndiyo tiketi ninayoipendelea kuliko zote. Ratiba yake hubadilika, hivyo iangalie kabla ya kupanga safari.

Nywele: rasta ndefu zikinywa maji huwa mzigo wa shingo, na klorini haizipendi. Kofia ya kuogelea husaidia, lakini kwenye bwawa la mawimbi haikuhakikishii kitu. Kama mwenzako amesuka kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, bustani hii isubiri. Kuhusu simu, nunua mfuko wa plastiki wa kuning'iniza shingoni. Na njiani sakafu huchoma nyayo mchana, kwa hiyo hapa kandambili ni rafiki yako.

Baadhi ya slaidi zina kikomo cha uzito. Mwambieni mtu mapema, na kwa heshima, ili asirudishwe juu kabisa ya ngazi.

Kasoro kubwa ya Waterworld ni kwamba iko nje. Januari na Februari jua linapendeza lakini upepo ukikupiga umelowa utatafuta taulo kwa mbio. Julai na Agosti hewa hupita nyuzi 40; majini ni raha, kwenye ngazi za slaidi ni adhabu. Tena hufungwa mapema kuliko zenye paa, hivyo anayezoea kuamka saa tano asubuhi siku ya mapumziko amekwisha poteza nusu ya tiketi. Oktoba, Novemba, Machi na Aprili ndiyo miezi yake.

Warner Bros. World: kwa mzazi, mtoto, na mwezi wa nane

Hii ilifunguliwa Julai 2018, na yote iko ndani: mitaa, anga, mchana na usiku. Mji wa Batman una giza la kudumu, mji wa Superman unang'aa, halafu kuna kona za katuni zenye rangi kali. Vivutio viko 29, na vingi havimtishi mtu.

Nilidhani wazazi wetu wangechoka pale, wale ambao Batman hawamjui wala hawamtaki. Nimeona kinyume. Tom na Jerry waliingia sebuleni kwetu zamani sana, na paka akipigwa na kikaango hahitaji mkalimani. Mama asiyejua Kiingereza anacheka palepale mjukuu anapocheka. Kwa namna hii ndiyo bustani ambayo lugha haimwachi mtu nje, ingawa maonyesho ya jukwaani ni ya Kiingereza na hapo utalazimika kutafsiri sikioni.

Kwa anayetaka mwendo kidogo, Tom and Jerry Swiss Cheese Spin huzunguka huku ikikimbia, na Fast and Furry-ous inaning'inia juu ya vichwa vya watu. Zote ni za upole ukizilinganisha na Ferrari World. Kijana wa miaka ishirini aliyekuja kutafuta kutetemeshwa magoti atakuwa amemaliza kabla ya chakula cha mchana, na atakuambia hivyo kila nusu saa. Wikendi na likizo za shule watoto hujaa, foleni za kona za katuni zikawa ndefu kuliko za Batman. Lakini mchana wa Agosti, ukiwa na mtu wa miaka sitini anayetaka kutembea taratibu, kupiga picha na kukaa mara kwa mara pasipo jua, sioni ya kushindana nayo.

Na SeaWorld?

Ipo, hapo hapo Yas, tangu Mei 2023, nayo ni ya ndani. Hii ni SeaWorld ya kwanza kujengwa bila nyangumi wauaji. Hodhi lake kubwa lina lita milioni 25, na kulitazama ukiwa umekaa kimya ni starehe ya aina yake. Kama mwenzako ni mpenzi wa samaki, au ni mvuvi aliyestaafu, mpeleke huko bila kufikiri mara mbili. Kama yeye ni mtu wa kuumia anapowaona pomboo ndani ya kuta, usimpeleke. Mtabishana siku nzima, na pengine yeye ndiye mwenye hoja. Rola kosta yake ya Manta ni nzuri, lakini kulipa tiketi nzima kwa ajili ya treni moja sikushauri.

Wanaouliza kuhusu Disney: ilitangazwa Mei 2025 kwamba itajengwa Yas. Ni ahadi bado, usiahirishe safari kwa ajili yake.

Siku gani, na mnafikaje

Tangu Januari 2022 wikendi karibu kote Emarati ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Jumanne na Jumatano ndizo siku za watu wachache. Najua wengi wetu hatuchagui siku ya mapumziko, tunapewa. Anayepata Jumapili tu afike mlango ukifunguliwa na aanze na kile anachokitaka kuliko vyote. Siku za Idi sizipendekezi kwa mtu yeyote ninayempenda. Ramadhani saa hubadilika na mchana huwa kimya, jambo linalowafaa wasiofunga; anayefunga asijaribu treni za kasi wala jua la Waterworld, bali aje jioni kwenye zenye paa.

Kutoka Dubai, kisiwa kiko kabla hujafika mjini Abu Dhabi, saa moja hivi kwa gari ikiwa barabara iko wazi. Basi la E101 kutoka kituo cha Ibn Battuta, Dubai, ni rahisi mno, lakini linakushusha mjini, kisha itabidi urudi nyuma kilomita 30 hivi. Mkiwa wanne, gari la kukodi la siku moja mara nyingi hutoka nafuu kuliko kila mtu kuhangaika na nauli yake. Ukishafika, mabasi ya bure ya Yas Express huzunguka kati ya bustani na hoteli.

Chakula ndicho kinachotoboa mfuko. Kula vizuri kabla ya kuingia, kisha mkipata njaa tafuteni migahawa ya Yas Mall badala ya ile ya ndani. Tiketi mbili tu ni fedha ambayo wengi wetu tungeituma nyumbani, kwa hiyo hesabu siku nzima tangu mwanzo: tiketi, nauli, kabati la kuhifadhia vitu, mlo mmoja mzuri na maji. Picha wanazokupiga ukiwa umefumba macho na mdomo wazi zinauzwa mlangoni, na mwenzako atataka. Weka akiba ya hiyo pia.

Anayeishi Deira au Sharjah na hataki safari ndefu ana IMG Worlds of Adventure hapo Dubai, yote ndani tangu 2016, yenye katuni kwa watoto na treni moja, Velociraptor, inayotoka nje ya jengo hadi jangwani. Kwa wawili wasiolingana ni chaguo zuri la kati. Kwa maji, Aquaventure pale kisiwa cha Palm, Dubai, ina vivutio vingi, lakini ile hadithi ya lulu huipati.

Mkishindwa kukubaliana

Hutokea, hasa kwa wanandoa na kwa mtu na mpwa wake wa miaka kumi na mitano. Kuna tiketi za kuingia bustani zaidi ya moja, na tofauti ya bei yake mara nyingi ni ndogo kuliko kununua mbili. Mkizichukua, anzeni na Waterworld asubuhi, kwa sababu inafungwa mapema na kwa sababu jua bado ni la kuvumilika. Okeni, badilisheni nguo, kuleni, kisha muingie Ferrari World alasiri. Ziko karibu kiasi cha kutembea kwa miguu kama si kiangazi. Msigeuze mpangilio huo. Na Formula Rossa msiipande mara tu baada ya kula, hata kama mpwa anaapa kwamba tumbo lake ni la chuma: pandeni Fiorano kwanza, mpeni nusu saa ya maonyesho ya magari, halafu mumuulize tena.

Ukiwa na mzazi, usichukue tiketi ya bustani mbili. Chukua Warner Bros. World peke yake, ingieni saa sita mchana, mtoke akisema amechoka.